Chombo Kiishi Umri wa Mmea Wake: Mwongozo wa Kuchagua Vyombo vya Kuoteshea Visivyoacha Taka

Masika yakimalizika, zunguka nyuma ya nyumba yoyote iliyopanda miche mwaka huo. Utakuta vipande vyeusi vya viriba, vile vifuko vya nailoni vya kuoteshea miche, vimefukiwa nusu, vingine vimenasa kwenye ua, vingine vimesombwa na maji hadi mtaroni. Mboga zimeliwa, mti umeshika, nailoni imebaki. Kiriba kile kilifanya kazi ya miezi mitatu tu, na kitamzidi umri aliyekichana.

Naotesha mboga na miche ya miti uani kwangu hapa Tanga, na katika kuchagua vyombo nafuata kanuni moja: umri wa chombo ulingane na umri wa mmea ndani yake. Mche wa nyanya hukaa kitaluni wiki nne hivi, mchicha huliwa mwezi mmoja baada ya kusia, mlimau wa kwenye chungu hukaa miaka. Mche wa wiki nne haustahili plastiki ya miaka mia, na mlimau haustahili kapu litakalooza kabla haujatoa hata ua. Vyote viwili ni uharibifu, ila ule wa kwanza ndio tuliouzoea.

Kanuni ya pili inaifuata hiyo: kilichopo nyumbani kinatangulia cha dukani. Ndoo ya zamani yenye ufa, ikitumika miaka mitano mingine, inatunza mazingira kuliko chungu kipya cha "kijani" kilichovuka bahari kwa meli.

Hatua ya kwanza: anza na mizizi

Usitafute chombo kabla ya kujua utapanda nini. Andika mimea yako, na mbele ya kila mmoja andika kina unachohitaji na muda utakaokaa.

Mchicha, giligilani, nanaa na vitunguu vya majani vinaridhika na kina cha sentimita 15 hadi 20. Spinachi na sukuma wiki wape sentimita 25 hadi 30. Pilipili inataka chombo cha lita 10 kwa shina moja. Nyanya, biringanya na bamia ni lita 20 kwa shina, chini ya hapo utamwagilia mara mbili kwa siku na bado majani yatanywea mchana. Mlimau au mndimu unaanzia lita 40.

Fikiria pia uzito. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa inaweza kufika kilo 30. Kwenye baraza ya chini si tatizo, lakini kwenye roshani ya ghorofa panga vyombo kandokando ya ukuta, usivirundike katikati.

Hatua ya pili: pekua nyumba yako

Kabla ya kutoa shilingi, toka uani na kusanya kila kitu kinachoweza kushika udongo: ndoo zilizopasuka, mabeseni, madumu, debe, karai, chungu kilichomeguka mdomo. Vingi vitakuwa vya plastiki, na hapo ndipo watu huuliza kama ni salama kwa mboga. Geuza chombo utazame kitako. Kuna alama ya pembetatu yenye namba ndani yake. Namba 2, 4 na 5 nazitumia kwa mboga bila wasiwasi, na ndoo na madumu mengi ya mafuta ya kula yamo humo. Namba 3 na 6 ziache. Kisichokuwa na namba, panda maua.

Muhimu kuliko namba ni historia ya chombo. Dumu lililobeba mafuta ya kupikia, asali au maji, lioshe kwa sabuni na ulitumie. Ndoo ya rangi ya nyumba iwe ya maua tu. Chombo kilichobeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, mafuta ya mashine au asidi ya betri usikitumie kabisa, hata ukikiosha mara saba. Plastiki hunywa kilichomo, kisha hukitoa taratibu.

Toboa kitako matundu matano hadi manane kwa msumari uliopashwa moto, upana wa kidole kidogo. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa nyuma yako, kwa sababu moshi wa plastiki ni mbaya kwa mapafu. Ukiwa na keekee, tumia hiyo.

Vyombo vyeusi vina tatizo lao la pwani. Miezi ya kaskazi, Desemba hadi Machi, jua la saa nane mchana hupasha ubavu wa ndoo nyeusi hadi mizizi iliyoegemea upande huo ikaungua. Utaona mmea unanyauka na udongo umelowa, utadhani ni ugonjwa. Paka chokaa nje, ama zungushia kipande cha jamvi kuukuu.

Hatua ya tatu: vikopo vya miche

Hapa ndipo penye taka nyingi, na ndipo penye njia mbadala nyingi na rahisi.

Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 1 Juni 2019, Kenya ilikuwa imetangulia tarehe 28 Agosti 2017. Vifungashio vya plastiki vya kilimo havikuguswa na katazo letu, kwa hiyo viriba bado vinauzwa kwa halali. Sheria haikukulazimisha kuviacha, uamuzi ni wako.

*Gazeti.* Kwa nyanya, pilipili, kabichi na miche yote inayohamishwa ndani ya mwezi. Kata ukurasa vipande virefu vyenye upana wa sentimita 15. Zungushia kipande kwenye chupa ya soda ya kioo mara tatu, ukiacha sentimita 5 zikining'inia chini ya kitako. Kunja hizo sentimita 5 kuelekea ndani, gandamiza kitako cha chupa mezani, kisha chomoa chupa. Jaza udongo papo hapo na upange vikopo vikiwa vimebanana kwenye trei au boksi, vishikane. Tumia gazeti la kawaida, la karatasi ng'avu za majarida liache.

Siku ya kuhamisha, mche unaingia shimoni na kikopo chake. Hakikisha ukingo wa gazeti umefunikwa wote na udongo. Kipande kikibaki nje kinafanya kazi ya utambi: kinavuta maji kutoka kwenye mizizi na kuyapeperusha juani, na mche unakufa kiu katikati ya shamba lililolowa. Watu wengi walioyakataa magazeti waliangushwa na jambo hili dogo.

*Mgomba.* Kwa miche inayokaa miezi miwili mitatu, kama mpapai au miti ya kivuli, gazeti halitafika. Chukua magome makavu ya mgomba, yale yanayojichubua shinani yenyewe. Yaloweke kidogo yasikatike, kata vipande vya upana wa kiganja, viringisha kimoja kiwe bomba, pitisha kingine chini kama kitako, funga kwa uzi wa mgomba huohuo. Utaharibu vitano vya kwanza, cha sita kitasimama. Udongo unakipokea chote, na mizizi inapenya ubavuni bila kujisokota.

Kujisokota huko ndiko kunakowaponza wengi wanaotumia viriba. Mzizi ukigonga nailoni laini unageuka na kuzunguka, unazunguka tena, na mti unaopandwa na fundo hilo huweza kuja kung'oka kwa upepo baada ya miaka michache. Ukuta unaopenyeka huuacha mzizi utoke. Ukikutana na hewa kavu ncha yake hukauka, na mzizi huchipua matawi ndani.

*Mwanzi.* Kama unaishi karibu na milima, Lushoto au Amani, kata mwanzi chini kidogo ya fundo, urefu wa sentimita 15 hadi 20 juu yake. Fundo lenyewe ndilo kitako, litoboe. Kisha pasua pingili hiyo katikati kwa urefu na uifunge tena kwa kamba ya katani. Siku ya kupanda unafungua kamba, vipande viwili vinaachana, mche unatoka na udongo wake mzima, na pingili inangoja mche mwingine.

Na ukishakuwa na viriba tayari? Vitumie, tena vitumie zaidi ya mara moja. Usivichane kwa wembe. Mwagilia mche jioni, asubuhi minya kiriba pande zote, ulaze, uvute mche polepole ukishika shingo ya udongo. Osha kiriba, kianike kivulini. Vile vizito vinamaliza misimu miwili. Zaidi ya yote, usiupande mti na kiriba chake. Nimefukua miche iliyodumaa miaka mitatu na kukuta nailoni imeukaba mzizi kama soksi.

Hatua ya nne: vyombo vya msimu mmoja

Kwa mboga za miezi mitatu hadi mwaka, chaguo langu la kwanza katika pwani yote ni pakacha. Tulilitumia kubebea maembe na machungwa hadi likasahaulika, nasi tukakimbilia mifuko. Limesukwa kwa kuti la mnazi ulioko hapo hapo, halina gharama ya kiwanda, linapumua, na likichoka linarudi shambani kuwa mboji. Waliosema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi walikuwa wakiuzungumzia mzigo, lakini kwa mmea pia kuvuja kwake ni nafuu, maana maji hayatuami.

Lisuke, au agiza lisukwe, kwa kuti bichi na kwa kubana sana. Bibi jirani yangu aliyenifundisha alinirudisha mara mbili: "Lisuke kwa nguvu, mwanangu, likikauka litaachia." Ni kweli, ukili wa kuti hunywea ukikauka na nyufa hufunguka. Tandika ndani majani makavu ya mgomba, udongo usipukutike. Liweke juu ya mawe matatu au matofali, lisigusane na ardhi, la sivyo mchwa watakuwa wenyeji wake kabla ya mchicha kuota. Hivyo nalipata kwa msimu mmoja, mara chache miwili.

Baada ya pakacha ni gunia, na hapa fungua macho. Gunia la katani au la juti ni mmea. Gunia la salfeti, ambalo wengine huita kiroba, ni plastiki iliyosukwa. Halafu kuna ile mifuko laini ya rangi iliyoingia madukani baada ya katazo la 2019, inayoshikika kama kitambaa: mingi nayo ni plastiki. Watu huijaza udongo wakiamini wamepanda kwenye nguo. Baada ya kupigwa na jua kwa miezi kadhaa inageuka unga kati ya vidole, na unga huo unaingia kwenye udongo wa mboga zako.

Njia ya kutambua haina gharama. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo, uguse kwa kiberiti. Uzi wa mmea unawaka kama karatasi na kuacha jivu. Wa plastiki unayeyuka, unajikunja, na kuacha kidonge kigumu. Kama gunia lako ni la salfeti na huna jingine, liweke kivulini, na siku utakapoona nyuzi zinakatika uhamishe udongo mara moja, usingoje lisambaratike.

Sisi wa Tanga hatuna kisingizio kuhusu katani. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alileta miche ya mkonge mwaka 1893, ikasalimika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutoka hapo ukanda mzima ukawa wa mkonge. Gunia la katani lililochoka kubeba mazao bado lina msimu mmoja au miwili ya kubeba mboga.

Bustani ya gunia inajengwa hivi. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyoiva, na nusu ya pumba za mpunga au mchanga. Simamisha gunia, kunja mdomo wake nje. Chukua kopo kubwa lililokatwa kitako na kifuniko, liweke katikati ya gunia na ulijaze kokoto. Jaza udongo pembeni yake hadi usawa wa kopo, kisha livute kopo juu, kokoto zibaki. Rudia hadi gunia lijae. Umepata nguzo ya mawe katikati, njia ya maji kufika chini. Bila nguzo hiyo sehemu ya juu inaoza na ya chini inabaki kavu. Toboa ubavu kwa kupishanapishana, nafasi ya sentimita 15 hadi 20, ingiza miche ya sukuma wiki au spinachi, na juu panda nyanya mbili au vitunguu. Gunia la kilo 100 linabeba miche 30 na zaidi katika eneo la kiti kimoja. Kibera, Nairobi, bustani hizi zilisambaa sana baada ya machafuko ya uchaguzi ya 2007 na 2008, na familia zisizo na hata hatua moja ya ardhi zilichuma mboga mlangoni.

Vikapu vya ukindu navyo vinafaa, ila kikapu kizima kizuri ni cha sokoni. Panda kwenye kile kilichokatika mikono.

Hatua ya tano: vyombo vya miaka

Kwa mlimau, mkomamanga, mwasumini au mrihani unaotaka ukae mlangoni, tafuta chungu cha udongo. Sitaficha kwamba kukichoma kunakula kuni. Lakini chungu kisichoanguka kinaweza kudumu miaka ishirini, na ukigawa kuni zile kwa miaka hiyo hakuna cha dukani kinachokifikia. Ukuta wake unapumua, maji yanayotoka kwa nje yanapoza mizizi kama mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Nyanda za juu kusini, wanawake wa Kikisi wa pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema na Ikombe, wanafinyanga kwa mkono vyungu vyembamba vinavyouzwa Mbeya nzima. Popote ulipo, mfinyanzi wa karibu ndiye wa kuanzia.

Kipime kabla ya kulipa. Kigonge kwa kifundo cha kidole: kinacholia kama kengele kimeiva, kinacholia bubu kina ufa au hakikuiva. Ukishakinunua, kijaze maji ukiache usiku mmoja. Kitako kikigeuka tope kirudishe. Kilichoiva kizamishe majini siku nzima kabla ya kupanda, la sivyo kitaunyonya mmea wako wiki ya kwanza. Chungu cha kupikia hakina tundu: kigeuze juu ya mchanga laini, weka msumari, gonga taratibu ukimwagia maji kidogo.

Usiweke kokoto chini ya chungu. Najua sote tulifundishwa hivyo. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye mawe. Hujikusanya juu ya mawe, na umepunguza kina cha mizizi bure. Kigae kimoja juu ya tundu kinatosha. Nguzo ya gunia ni jambo jingine, ile imesimama, na maji yanaifuata kutoka juu hadi chini.

Vyungu vidogo vyenye shingo nyembamba, visivyopakwa rangi wala kung'arishwa, vina kazi nzuri zaidi: kuvizika. Fukia mtungi mdogo katikati ya tuta au chombo kikubwa, shingo itokeze, jaza maji, funika kwa kigae. Maji hupenya ukutani kadiri udongo unavyokauka, na mizizi huja yenyewe kuukumbatia. Utajaza kila baada ya siku mbili tatu badala ya kumwagilia asubuhi na jioni.

Makasha ya mbao ni mazuri pia. Zile paleti, fremu za mbao za kupangia mizigo, zinazouzwa karibu na bandari zina muhuri ubavuni. Herufi HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, chukua. Herufi MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya sumu, ziache. Mbao zenye rangi ya kijanikijani ya dawa na nguzo kuukuu za umeme usizipandie chakula.

Vyungu vya saruji vinapendeza, lakini saruji pekee inachangia takriban asilimia 8 ya hewa ukaa inayotoka kwenye shughuli za binadamu. Kama unacho, kitunze. Kipya kilowekwe wiki mbili, ukibadilisha maji, kitoe ukali wa chokaa.

Vya kukataa

Matairi. Yanatoa zinki na kemikali nyingine kwenye udongo, na maji yanayotuama ndani yake ni kitalu cha mbu wa Aedes, anayeeneza dengi. Mifuko mipya iliyoandikwa "inaoza" nayo iulizwe inaozaje: mingine inavunjika tu kuwa vipande vidogo vya plastiki, mingine inahitaji joto la karibu nyuzi 60 la mtambo maalumu, joto ambalo shimo lako la mboji halifiki.

Makumbi ya nazi, na kosa langu

Kumbi zima la nazi lililogawanywa nusu ni kikopo kizuri cha mche au cha okidi, na nyuzi zake huuchangamsha udongo mzito. Mara ya kwanza nilichukua makumbi kutoka kwa kina mama wanaotengeneza kamba za usumba. Siku kumi baadaye ncha za majani ya pilipili zangu zote zilikuwa zimeungua. Sikuwa nimejiuliza makumbi yale yamelainikaje: hufukiwa ufukweni miezi kadhaa, maji ya bahari yakiyapitia kila bamvua. Yalikuwa yamejaa chumvi.

Tangu hapo nayaloweka maji baridi siku nzima, namwaga, narudia mara tatu. Maji ya mwisho naonja tone: kama bado yana munyu, mara ya nne. Hata makumbi makavu ya shambani hupata chumvi kidogo pwani, hivyo yaloweke angalau mara moja.

Baada ya mavuno

Visahani chini ya vyungu vimwagwe na kusuguliwa kila wiki, kwa sababu mayai ya mbu hung'ang'ania ukutani. Pakacha na magome ya mgomba vikatwekatwe kwa panga, viingie kwenye mboji pamoja na samadi. Gunia la katani lililooza tandaza chini ya migomba, litazuia magugu miezi kadhaa. Chungu sugua chumvi nyeupe iliyoganda nje kwa brashi kavu, kianike juani siku tatu kabla ya mmea mwingine. Ndoo iliyopasuka kabisa mpe mnunuzi wa plastiki chakavu, usiichome. Kisha mwezi wa tisa ukianza, tafuta kuti bichi na magazeti ya zamani, maana miche ya vuli inasiwa kabla ya mvua ya kwanza ya Oktoba.